Norton "imeokolewa"? Waliolipa advansi na wenye pensheni zao nani kawaokoa?

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Kila nikigusia habari za Norton, chapa ya pikipiki ya Uingereza ambayo kampuni yake ilianguka mwaka 2020, kwa wenzangu wa pikipiki za zamani hapa Birmingham, jibu ni lile lile: "Si imeshaokolewa? Ina kiwanda kipya pale Solihull." Juzi kanijibu hivyo jamaa ninayemheshimu, tumesimama na vikombe vya chai mkononi, na nimelala na hasira. Naianika hapa kwa Kiswahili, maana tupo wengi tunaozipenda hizi mashine na habari zake tunazipata nusunusu.

Kwanza mjue nimesimama wapi. Ninayo Norton Commando 750 ya mwaka 1972. Asubuhi ya baridi unabonyeza kidude kidogo ubavuni mwa kabureta, kwanza ya huku, kisha ya kule, mpaka petroli ikulowanishe ncha ya kidole. Unashusha kiki polepole mpaka usikie pistoni imekaza, ndipo unaiangukia na uzito wako wote. Ikiwaka inatetemeka pale pale iliposimama, gurudumu la mbele linadundadunda sakafuni. Ukishaingia barabarani ukaongeza moto, mtetemeko unapotea, kwa sababu injini imeshikwa na raba. Waliobuni kitu kile walikuwa mafundi kwelikweli. Jina lenyewe lilianzishwa na James Lansdowne Norton hapa hapa Birmingham mwaka 1898, na mwaka 1907 likashinda daraja la silinda mbili kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya TT, mbio za pikipiki za kisiwa cha Isle of Man. Naipenda Norton. Ndiyo maana nimekasirika.

Mwaka 2008 jina hilo lilinunuliwa na mfanyabiashara Stuart Garner. Kampuni ikaishia kuhamia Donington Hall, jumba la kifahari kule Leicestershire. Mwaka 2015 waziri wa fedha wa Uingereza wa wakati huo, George Osborne, alikwenda mwenyewe kiwandani kutangaza ruzuku ya serikali ya pauni milioni 4 kwa ajili ya Norton na wanaoiuzia vipuri. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa pikipiki mpya, V4: ya bei ya chini pauni 28,000, ya bei ya juu pauni 44,000. Watu wakatoa advansi. Wengine walisubiri mwaka, wengine zaidi. Tarehe 29 Januari 2020 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Aliyetoa advansi akageuka mdai wa mkiani.

Hapo kwenye advansi napajua vizuri. Miaka ya nyuma kuna gereji moja, siitaji, niliipa pauni 600 za kufunguliwa gia boksi na kuletewa spea. Nikaambiwa wiki sita. Siku moja nikapita nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na karatasi imebandikwa kwa ndani ya kioo. Baada ya muda ikaja barua ya mfilisi: jina langu, kiasi ninachodai, na namba yangu kwenye orodha ya wadai. Kodi mbele, benki mbele, sisi tuliotoa hela mfukoni nyuma kabisa. Sikupata hata senti. Zilikuwa pauni 600 tu, na mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso. Sasa mfikirie mtu aliyekuwa amedunduliza kwa ajili ya pikipiki ya pauni 44,000.

Na hao bado si walioumizwa zaidi.

Kulikuwa na mifuko mitatu ya pensheni, yenye wanachama 228. Wengi wao hawakuwa hata na habari na pikipiki. Ni watu waliohamishia akiba zao za uzeeni kwenye mifuko hiyo. Mdhamini wa mifuko yote mitatu, yaani aliyekabidhiwa fedha hizo azilinde, alikuwa Garner huyo huyo. Fedha za mifuko zikanunua hisa za kampuni yake mwenyewe ya Norton. Sheria ya Uingereza inasema mfuko usiweke zaidi ya asilimia 5 ya mali zake kwenye kampuni ya mwajiri. Sababu inaeleweka hata na mtoto: kampuni ikizama, kazi inazama na kiinua mgongo kinazama nayo. Watu wakaanza kudai chao wakazungushwa, kesho, keshokutwa, subiri. Juni 2020 msuluhishi wa migogoro ya pensheni akaamua kwamba Garner arudishe kiasi cha pauni milioni 14. Arudishe kutoka wapi, wakati kampuni imeshakufa?

Kesi ya jinai dhidi ya Garner ikafika mahakamani Derby. Akakiri makosa. Machi 2022 akahukumiwa miezi 8 jela, na adhabu ikaahirishwa kwa miaka 2. Maana yake alitoka mahakamani akaenda nyumbani. Miezi minane, wakuu, tena ya kulala kitandani kwake! Kwetu mtu akiiba kuku anasota mahabusu muda mrefu kuliko huo.

Kuna wanaonijibu kwamba wenye pensheni wana mfuko wa fidia ya utapeli. Upo, na uliingilia kati. Lakini mfuko huo unachangiwa na mifuko mingine ya pensheni. Yaani mfanyakazi wa mahali pengine kabisa, asiyemjua Garner wala Norton, ndiye anayeziba shimo.

Aprili 2020 TVS, kampuni ya pikipiki ya India, ikanunua jina, michoro na mitambo kwa pauni milioni 16. Naam, TVS hii hii ambayo pikipiki zake za HLX zinabeba abiria na magunia kwetu Afrika Mashariki. Hapa Uingereza nimewasikia wazee wakinung'unika kwamba jina lao limechukuliwa na Wahindi. Hasira hiyo wameielekeza nyumba ya jirani. TVS hawakugusa pensheni ya mtu. Tena ni uongozi mpya ndio uliokagua zile V4 zilizokwisha kukabidhiwa kwa wateja na kuwaambia wenye nazo wasizipande kabisa. Zilikutwa na kasoro 35 za usalama. Thelathini na tano, kwenye pikipiki ya pauni 44,000! Mtu amengoja, amelipa yote, amepewa funguo, halafu anaambiwa kuipanda ni hatari.

Kwa hiyo mtu asinijie na "chapa imeokolewa". Kiwanda cha Solihull ni kizuri, na nawaombea heri mafundi waliopata kazi pale. Ila mnunuzi alinunua mali, madeni yakabaki kwenye kampuni iliyokufa. Nembo kwenye tenki ni ile ile, herufi zile zile. Ukiwa na risiti ya advansi ya 2018 yenye nembo hiyo hiyo, huna deni unaloweza kwenda kulidai Solihull.

Na wewe unayekuja kuandika hapo chini kwamba biashara ina kupanda na kushuka, nijibu hili moja kabla ya jingine lolote: mdhamini anapochukua hela za wazee alizokabidhiwa azilinde, akazinunulia hisa za kampuni yake mwenyewe, siku ile anatia saini alikuwa anamtumikia nani?