Wana wa Magomeni: Jumamosi shuleni kwa Nuru

*Alhamisi*

19:02 Zuhura: Asalaam aleikum ndugu zangu. Jumamosi saa 3 asubuhi shule ya Nuru, ile ya Montessori, wamewaita wazazi na walezi wakae darasani waone watoto wanavyosoma. Nataka watu wanne kutoka kwetu. Jiandikisheni.
1. Zuhura
2.

19:40 Zuhura: Naona tiki za bluu tu. Baba Nuru?

19:44 Mama Nuru: Waaleikum salaam wifi. Niweke 2.

19:45 Zuhura: Wewe najua utakuja. Anayetaka kumhamisha mtoto si wewe.

20:31 Baba Nuru: Dada, miezi mitatu nalipa ada, daftari halina hata mstari. Namuuliza mwanangu leo umesoma nini, ananijibu nimemimina maharage. Mtoto wa jirani anaandika mpaka 50. Kwenye usaili wa darasa la kwanza ataulizwa maharage?

20:32 Side: Yakiiva mniite 😂

20:32 Asha: 😂😂 na nazi ba'mdogo

20:33 Zuhura: Side, sitaki utani.

20:38 Mama Nuru: Anamimina ili mkono utulie kabla ya kushika penseli. Herufi zao ni za msasa, zimebandikwa kwenye kibao. Anapitisha vidole viwili huku anatamka sauti, mmm, aaa. Jana kaandika "mama" kwenye unga nilipokuwa nasukuma chapati. Nilikuita, ukasema ngoja mpira uishe.

20:39 Side: Ngapi ngapi?

20:41 Zuhura: Mwambie na hesabu.

20:44 Mama Nuru: Wanatumia shanga. Moja moja, halafu kijiti cha 10, mraba wa 100, mchemraba wa 1000. Ule wa elfu anaubeba kwa mikono miwili. Mimi elfu niliikariri tu, yeye anajua uzito wake.

21:05 Baba Nuru: Wa miaka 3 na wa 6 chumba kimoja, mwalimu kakaa pembeni anaandika. Nani anamfundisha nani?

21:09 Zuhura: Mkubwa anamwelekeza mdogo, mwalimu anaangalia nani yuko tayari kwa kazi ipi. Huyo Maria Montessori mwenye mfumo huu alikuwa daktari kule Italia, alianza 1907 na watoto wa mtaa wa maskini Roma. Twende tukaone kwa macho yetu.

21:12 Baba Nuru: Hata Kibaha mliniambia twende tukaone.

21:15 Zuhura: Kibaha imefikaje hapa?

21:16 Baba Nuru: Niliyabeba peke yangu.

21:20 Side: Jamani.

*Ijumaa*

05:48 Bibi: 🎤 0:31

06:15 Asha: Wasio na bando, Bibi kasema hivi: "Athumani, ulikuwa na miaka minne nikakupa ungo uchambue mchele. Ukaumwaga. Nikauzoa, nikakurudishia ungo. Ukaumwaga tena, nikakurudishia. Leo unamwona mwanao anashika maharage unasema hasomi. Na ya Kibaha, nikiwa hai sitaki kuyasikia penye jina la mtoto."

07:02 Baba Nuru: Nimekusikia mama.

07:03 Zuhura: Basi 3 Baba Nuru. Wa nne nani?

07:30 Baba Nuru: Natoka zamu saa 4. Nikiwahi nitapita. Ada ya muhula ujao silipi mpaka nione.

07:31 Zuhura: Saa 4 watoto wanakunywa uji! Omba ruhusa.

07:50 Zuhura: Baba Nuru?

13:22 Kaka Mbezi: Ndiyo naingia sasa, meseji nyingi. Jumamosi kuna nini?