Mrejesho: nilitaka kupunguza mashavu ya uke

Dada zangu, ni mimi wa Likoni niliyeuliza kama nifanyiwe upasuaji wa kupunguza mashavu ya ndani ya uke, kwa neno alilonitupia mume niliyeachana naye. Nilivuka feri, nikaonana na daktari wa kike. Alinipa kioo kidogo, akauliza: “Yanakuuma? Yanakuchubua ukitembea?” Hapana. Akaniambia London walipimwa wanawake 50, matokeo yakatoka 2005: upana wa mashavu hayo ulikuwa milimita 7 hadi 50, yaani tunatofautiana sana. Nililia palepale, leso machoni. Kumbe kovu la upasuaji huo laweza kuuma wakati wa tendo, hata hisia zikapungua! Upasuaji nimeuacha. Kwa mshauri nimeshaenda mara mbili. Lile neno bado linachoma, ila kwa mume wangu wa sasa, taa siizimi tena.