Macheo kwenye miamba ya Shangani: anga linaungua au mawe yanakuwa meusi

BintiMikindani

Habari za jioni ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu kupiga na kuhariri picha za macheo kwenye miamba ya Shangani, hapa Mtwara. Ninatumia kamera ya zamani kidogo yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55, stendi ya miguu mitatu ninayo, na mafaili ninayahifadhi kwa RAW, yaani yakiwa ghafi kama kihisi cha kamera kilivyoyapokea.

Kinachonisumbua ni tofauti ya mwanga. Kamera nikiiacha ijipimie yenyewe, miamba inaonekana vizuri pamoja na vitundu vyake vyote, lakini anga linalozunguka jua linabaki doa jeupe lisilo na rangi. Nikipunguza mwanga mpaka anga lishike wekundu wake, miamba inakuwa bonge jeusi. Baadaye nikiinua vivuli kwenye kompyuta, mawe yanajaa chenga za rangi, na pale yanapokutana na anga panajitokeza mstari mweupe, kana kwamba mtu ameyakata kwa mkasi na kuyabandika. Je, tatizo linaanzia kwenye upigaji au kwenye uhariri? Na je, kuna nyakati za mwaka ambazo pwani yetu hutoa anga zuri zaidi, au ni bahati tu?

MzeeWaLenzi

Marahaba, binti, hata kabla hujaniamkia.

Linaanzia kwenye upigaji. Kihisi cha kamera kikishajaa mwanga, hakibakizi taarifa yoyote ya kuokoa, ilhali sehemu za giza huwa zimebakiza kiasi fulani kinachoweza kuinuliwa. Kwa sababu hiyo macheo hupimwa kwa kuanzia angani, na mawe hufuata baadaye. Washa grafu ya mwanga, na kama kamera yako inaonyesha grafu ya kila rangi peke yake, itazame ile ya nyekundu. Asubuhi rangi nyekundu hujaa mapema kuliko kijani na buluu, kiasi kwamba grafu ya jumla inaweza kukuonyesha kuwa mambo ni salama huku wekundu wa mawingu umeshageuka kuwa njano iliyopauka. Duara la jua lenyewe usilihangaikie, maana likibaki jeupe hakuna atakayelalamika. Linda mawingu yanayolizunguka. Jua likishatoka, tumia skrini ya nyuma, usilitazame kwa jicho kupitia kitafutio cha kamera.

Kwa mipangilio, anza na ISO 100 (usikivu mdogo wa kihisi kwa mwanga) na tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11. Wapo wanaokimbilia f/22 wakidhani kila kitu kitakuwa makini zaidi, lakini tundu likiwa dogo mno mwanga hujipinda kwenye kingo zake na picha nzima hulainika. Kisha piga picha tatu za eneo lile lile bila kusogeza stendi: moja ya kipimo cha kawaida, moja iliyopungua hatua mbili na moja iliyozidi hatua mbili. Kwa kuwa kila hatua huongeza mwanga maradufu, kati ya ile yenye giza zaidi na ile yenye nuru zaidi utakuwa na tofauti ya mara 16, na ndani ya upana huo anga na mawe vyote hupata nafasi. Badilisha kasi ya shata tu, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, tundu liache lilivyo, na tumia kihesabu cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kamera.

Kuhusu nyakati, bahati imo, lakini si yote. Mtwara iko takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima, na mwanga mzuri wa kabla ya macheo hudumu dakika ishirini na kitu tu. Wenzetu wa Ulaya kaskazini, ambao jua lao hupanda kwa mshazari, hupewa muda mrefu zaidi wa kubahatisha. Sisi tunapaswa kuwa tumeshafunga kamera kwenye stendi nusu saa kabla. Mwezi Novemba jua hutoka takribani saa 11:50 alfajiri, na mwezi Julai linakaribia saa 12:35. Mwelekeo nao hubadilika: mwezi Juni jua huchomoza nyuzi 24 hivi kaskazini mwa mashariki, na Desemba nyuzi kama hizo kusini mwa mashariki. Ufuko wa Shangani unatazama kaskazini zaidi kuliko mashariki, hivyo katikati ya mwaka jua hukaribia upande wa maji, na mwisho wa mwaka hukimbilia upande wa nchi kavu.

Anga linalowaka huhitaji mawingu ya juu, yale membamba yenye nyuzinyuzi, pamoja na uwazi chini kabisa kwenye upeo wa macho. Mwanga wa jua lililo bado chini ya upeo husafiri masafa marefu ndani ya hewa, buluu hutawanyika njiani, na wekundu unaobaki huyapiga mawingu kwa chini. Ukiona ukuta wa wingu zito umekaa juu ya bahari, huo mwanga hautapita. Na asubuhi isiyo na wingu hata moja, ambayo wengi huisifu, kwangu mimi ni ya kubaki kitandani.

PwaniKwetu

Mzee amemaliza upande wa anga, ila amesahau maji, na picha ya miamba isiyozingatia maji ni nusu ya kazi.

Kwenye pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hufika kilele karibu saa 10 hadi 11 alfajiri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita tatu. Maana yake ni kwamba jua linapochomoza maji yameshaanza kutoka: miamba imelowa na inang'aa, maji yanachuruzika kwenye mifereji ya mawe, na kila dakika inayopita unapata mahali papya pa kusimama. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, kwani alfajiri bahari huwa inapanda, tena polepole, na mtu aliyezama kwenye skrini yake anaweza kushtukia njia ya kurudi imeshafunikwa. Kwa mpiga picha anayeanza, ningemwambia achague asubuhi za bamvua na aachane na nyingine mpaka aizoee sehemu hiyo.

Miamba yetu ni mabaki ya matumbawe ya kale. Mawimbi huila kwa chini na kuacha mdomo uliochomoza juu ya maji, na mdomo huo kwa juu unaonekana imara kuliko ulivyo. Usisimamishe stendi ukingoni pale. Vaa viatu vya soli ngumu, maana mawe haya hukata hata mpira wa kandambili.

Kuhusu kasi ya shata, napenda kati ya robo sekunde na sekunde moja. Bonyeza wimbi linapoanza kurudi, wala si linapopiga, na povu litachora mistari mirefu inayolipeleka jicho kwenye jua. Ukiacha shata wazi kwa sekunde 30, bahari hugeuka kuwa ukungu. Wapo wanaoupenda, ila mimi naona unaweza kuwa wa bahari yoyote ile duniani.

Chumvi nayo ni adui. Upepo wa kusi ukivuma, lenzi hupata matone madogo ambayo huyaoni mpaka jua liyapige, na kila tone huwa duara la mwanga katikati ya picha. Beba kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi na kingine kikavu. Usifute chumvi kwa kitambaa kikavu peke yake, kwa sababu chembe zake hukwaruza kioo.

La mwisho, maji yakishapwa vya kutosha, akina mama huja kuchokoa pweza. Umbo la mtu aliyeinama mbele ya mwanga ule huipa picha kipimo cha ukubwa, lakini salimu na uombe ruhusa kwanza.

FundiPichaLindi

Kwa heshima zote kwa Mzee, hapo kwenye picha tatu mimi natofautiana naye kidogo. Picha tatu za kuunganisha zinafaa pale ambapo hakuna kinachotembea. Kwenye miamba kila wimbi liko mahali tofauti katika kila picha, na programu ikiziunganisha yenyewe hutoa povu lenye vivuli viwili vitatu. Zaidi ya hapo, muunganisho wa kiotomatiki una tabia ya kusawazisha kila kitu, kiasi kwamba mawe na anga vinakuwa na mwanga mmoja, na jicho la mtu yeyote aliyewahi kuamka mapema linajua kwamba hilo si kweli. Jiwe lililo kati yako na jua halina sababu ya kung'aa. Liache liwe jeusi upande unaokutazama, mradi uso wake wa juu uliolowa ushike rangi ya anga.

Mimi huchukua faili moja la RAW lililopimwa kwa ajili ya anga, na huanza na rangi kabla ya mwanga. Kamera ikiachiwa kuchagua rangi yenyewe, mara nyingi huona wekundu wa asubuhi kama kasoro na kuupoza; weka rangi kwenye kipimo cha mchana, takribani Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5200 hadi 5500, kisha uongeze au upunguze kwa macho. Baada ya hapo shusha kidogo sehemu zenye mwanga mkali, inua vivuli kwa kiasi, na mara moja rudisha weusi chini, ili sehemu zenye giza kabisa zibaki giza kabisa. Chenga unazoziona, Binti Mikindani, nyingi zinakaa humo kwenye giza, na ukiliacha giza liwe giza zinazikwa pamoja nalo. Zinazobaki zipunguze kwa kulainisha kwenye mawe tu.

Mstari mweupe una sababu mbili: kitelezi cha kukazia maumbo (kile kidude cha kusogeza kwenye programu) kikisukumwa mno, na uteuzi wa anga wenye ukingo mkali. Badala ya kuchagua anga kwa kufuata kila jino la mwamba, shusha mteremko laini wa giza kutoka juu ya picha na uumalizie karibu na upeo wa macho. Kisha kuza picha hadi asilimia 100 na uupitie ukingo wote wa mawe, kutoka kushoto hadi kulia. Ukiuona mstari, rudi nyuma kwenye vitelezi. Usijaribu kuufuta kwa brashi.

Rangi usiziongeze zote kwa pamoja. Gusa machungwa na nyekundu peke yake, na mara nyingi kuzitia giza kidogo huzikoleza vizuri kuliko kuziongezea ukali. Kazi hizi zote unaweza kuzifanya bila malipo kwa darktable au RawTherapee kwenye kompyuta, na Snapseed kwa anayetumia simu.

MzeeWaLenzi

Ndugu yangu wa Lindi, hoja ya mawimbi naikubali, na ndiyo maana mimi siiachii programu iunganishe. Anga na maji nayatoa kwenye picha moja, na kutoka kwenye ile yenye nuru zaidi nachukua mawe peke yake kwa brashi laini, kwa sababu mawe hayatembei. Kwa kamera ya zamani kama ya binti yetu, ambayo vivuli vyake huchafuka upesi, picha hiyo ya ziada haigharimu chochote na inaweza kumwokoa.

BintiMikindani

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimeelewa kwa nini mawe yangu yalikuwa yanachafuka. Naomba niongeze swali moja: picha zangu zikionekana nzuri kwenye kompyuta, nikizipeleka kusafishwa hutoka zikiwa nzito na zenye giza, na mawe yaliyokuwa na umbo yanapotea kabisa. Je, nizihariri ziwe na mwanga zaidi ya ninavyotaka?

FundiPichaLindi

Kwanza shusha mwanga wa skrini yako. Skrini nyingi huwashwa kwa nguvu yote, na karatasi haitoi mwanga wake yenyewe, kwa hiyo unachokiona kama kivuli chenye maelezo kwenye skrini huwa weusi mtupu kwenye karatasi. Hariri ukiwa kwenye chumba chenye mwanga wa wastani, skrini ikiwa karibu na nusu ya nguvu yake, kisha weka karatasi nyeupe kando yake. Weupe wa skrini ukiushinda sana wa karatasi, endelea kushusha.

Toa faili la JPEG katika mpangilio wa rangi wa sRGB, nukta 300 kwa inchi, na uchapishe kwanza ndogo ya sentimita 10 kwa 15 kabla ya kulipia kubwa. Halafu mwambie fundi wa studio azime marekebisho ya kiotomatiki kwenye mashine yake. Mashine hizo zimezoea picha za harusi na za pasipoti, na zikikutana na macheo hujitahidi kuondoa wekundu wote uliouamkia.