Naomba ushauri: mchango wa mtafiti unapimwaje?

Habari za jioni wakuu. Nipo Mikindani, Mtwara, nasomea utabibu. Nimepewa kazi ya kueleza mchango wa mtafiti wa magonjwa ya kurithi ya umetaboli (yaani jinsi mwili unavyovunja na kutumia chakula), nikamchagua Asbjørn Følling wa Norwei. Mwaka 1934 alitia kemikali ya kloridi ya feri kwenye mkojo wa watoto wawili wa mama mmoja king'ang'anizi (bila yeye sijui!), ukageuka kijani. Ndipo fenilketonuria ikajulikana, ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuvunja sehemu fulani ya protini, na akili ya mtoto inadumaa.

Mwenzangu anasema nihesabu makala zilizomnukuu, basi. Mimi nagoma: miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Robert Guthrie akaleta kipimo cha ugonjwa huo kwa tone la damu ya kisigino kwenye karatasi, mtoto akaanzishiwa mlo maalumu mapema, akili ikanusurika. Hilo nalihesabuje? Mliowahi kuandika kazi hizi, nianzie wapi? Mkufunzi anaitaka Ijumaa.