Mrejesho: Mashine ya kazi nimeshapata, niko Kigoma

Wakuu, ni mimi niliyeomba ushauri wa laptop ya kazi: mahesabu ya wauza dagaa na mawese hapa Kigoma, Excel kutwa nzima, na umeme wenye tabia zake. Asanteni sana.

Nilimsikiliza aliyesema bora mtumba wa maana kuliko mpya ya bei chee yenye Celeron (prosesa dhaifu ya Intel). Nimechukua ThinkPad T480, prosesa ya Intel Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256. Hapo kwenye kizazi nilikaza, maana Windows 11 rasmi inakataa karibu zote za chini ya hapo, na Windows 10 ilisitishiwa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Muuzaji alining'ang'aniza ya kizazi cha 6, eti "ni ileile tu". Thubutu!

Ile amri ya Windows mliyonipa, powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya hali ya betri, imenilipa. Niliiandika palepale dukani, ripoti ikaonyesha betri ya nje, ile inayochomolewa, imebaki chini ya nusu ya uwezo wake wa kiwandani. Bei ikashuka bila maneno mengi.

Kilichogoma ni betri mpya. Niliyoagiza kutoka Dar haikai na chaji, na aliyeniuzia hapokei tena simu. Afadhali T480 ina betri mbili, ya ndani bado inanibeba umeme ukikatika.

RAM sijaongeza, nafasi ya pili ipo wazi.

Halafu kagueni kibodi. Nilionyeshwa moja ya Kifaransa, A imekaa pa Q.

Anayejua inakopatikana betri halisi anishtue.