Homa ya mtoto: vidonge vilivyobaki, kipimo cha kidole au slaidi ya maabara?

Mama Pendo, Manyatta (Kisumu)

Hamjambo, wanajamvi. Binti yangu mwenye umri wa miaka miwili na miezi mitatu ana homa tangu jana jioni, na asubuhi hii kipimajoto kimeonyesha 38.9. Anakohoa, pua inatiririka, na uji ameukataa ingawa maji anakunywa. Wiki tatu zilizopita alipatikana na malaria akaandikiwa Coartem, lakini homa iliposhuka siku ya pili nikaacha kumpa, kwa hivyo kabatini vimebaki vidonge viwili. Mama mkwe ananishauri nimpe hivyo viwili sasa hivi. Duka la dawa lililo karibu na lango letu linapima kwa kutoboa kidole, na majibu hutoka baada ya robo saa. Njia ya tatu ni kituo cha afya cha serikali, ambacho kina maabara, ila foleni ya Jumatatu mnaijua. Mngechagua ipi?

Nyanya wa Kakamega

Mwanangu, pole. Mimi nililea watoto sita kwa majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, na wote wako hai. Hata hivyo, nakumbuka usiku mmoja tulipombeba wa nne mgongoni hadi misheni akiwa anatetemeka, na mwarobaini ulikuwa bado tumboni mwake. Sikushauri uutegemee.

Muuguzi, Ahero

Asante, Nyanya, kwa kusema yote mawili. Ningeongeza kwamba mafuta ya mwarobaini yasimpitie mtoto mdogo mdomoni hata kidogo, kwa kuwa yamewahi kuwadhuru watoto vibaya.

Mama Pendo, vile vidonge viwili usimpe. Dawa hiyo hunywewa mara sita katika siku tatu: mara ya kwanza, kisha baada ya saa nane, halafu kila baada ya saa kumi na mbili hadi ziishe, tena pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu mafuta kidogo husaidia dawa kuingia mwilini. Ukitoa vidonge viwili peke yake, utapunguza vimelea bila kuvimaliza, kisha kipimo cha kesho kitakachofanywa kwa damu iliyokwisha kuonja dawa kitamchanganya kila mtu. Kwa sasa mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, mvue nguo nzito, na uendelee kumpa maji au kumnyonyesha ikiwa bado ananyonya. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea hata asiamke vizuri, achana na jamvi hili umkimbize hospitalini.

Hadubini

Nafanya kazi maabara, kwa hivyo niruhusuni nirefushe kidogo, maana hapa ndipo njia ya pili na ya tatu zinapoachana. Kipimo cha kidole hakimtafuti mdudu mwenyewe. Hutafuta protini anayoiacha katika damu, na protini hiyo huweza kubaki kwa majuma kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa wiki tatu zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili, yaani majibu chanya, leo ilhali hana malaria, na muuza dawa atauza dawa. Slaidi, yaani damu iliyopakwa kwenye kioo na kusomwa kwa hadubini, huonyesha vimelea vilivyo hai, na huvihesabu pia. Kwa mtoto ambaye hajatibiwa hivi karibuni ningesema kipimo cha kidole kinatosha kabisa, na ni kipimo kizuri. Kwa Pendo, ambaye isitoshe hakumaliza dozi, ningechagua slaidi bila kusita. Waambie waziwazi kwamba dozi ilikatizwa, usione haya.

Jambo lingine: ukiambiwa kwamba ana “malaria na taifodi” kutokana na tone moja la damu lililochanganywa na dawa kwenye kigae, uliza maswali. Kipimo hicho cha Widal hugeuka chanya kwa sababu nyingi, zikiwemo maambukizi ya zamani. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Katika mitaa yetu maradhi hayo mawili yamekuwa kama pacha wasioachana, na nusu ya kosa ni letu sisi watu wa maabara.

Baba Pacha, Nakuru

Hadubini amenigusa. Mwaka jana kliniki moja ya mtaani ilimdunga mwanangu sindano za taifodi siku tano, kumbe alikuwa na maambukizi ya mkojo. Huku Nakuru, kwa kuwa tuko juu na kuna baridi, malaria si jambo la kwanza kufikiriwa, nayo hiyo pia ni hatari ya aina yake. Tuliporudi kutoka mazishini Siaya, dada yake alipata homa siku ya kumi, na daktari alizungumzia mafua tu mpaka mke wangu alipotaja safari. Ndipo damu ikapimwa, na malaria ikaonekana.

Muuguzi, Ahero

Narudi kwa sababu ya kile kikohozi, ambacho naona sote tumekiruka. Mama Pendo, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa. Kwa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni nyingi kupita kiasi. Kwa wa miezi miwili hadi asitimize mwaka, mpaka ni 50. Tazama pia kama nyama iliyo chini ya mbavu inabonyea anapovuta pumzi. Na je, kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, katika ukoo wenu? Huku kwetu ugonjwa huo ni wa kawaida, na mtoto aliye nao akipata homa hapimwi dukani.

Mama Pendo, Manyatta (Kisumu)

Selimundu hana, alipimwa akiwa mchanga. Nimehesabu mara mbili: 48, kisha 47. Kifua hakibonyei. Tunaondoka sasa kuelekea kituo cha afya.

Nyanya wa Kakamega

Nendeni, mwanangu. Beba na kile kikaratasi cha matibabu ya kwanza.

Mama Pendo, Manyatta (Kisumu)

Tumerudi saa kumi jioni. Kipimo cha kidole kilitoa mistari miwili, ule wa pili ukiwa hafifu. Slaidi haikuonyesha kimelea hata kimoja. Mhudumu alihesabu pumzi 46, akasikiliza kifua, akasema ni nimonia ambayo bado haijawa kali. Amempa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka katika kijiko cha maji, asubuhi na jioni kwa siku tano, na ametutaka turudi keshokutwa hata akiwa amepata nafuu. Dozi ya kwanza ameinywa bila kutema. Mama mkwe ameuliza kama vile vidonge viwili viwekwe kwa ajili ya mara nyingine. Nimevirudisha kwenye duka la dawa.