Mfadhili anataka kiti kwenye bodi yetu: tumkubali?

Mwanachanja (Igombe):
Habari za jioni, ndugu zangu. Kikundi chetu cha akina mama hununua dagaa mwaloni, hapa Ziwa Victoria, huwaanika juu ya chanja badala ya mchangani, na kuwauza wakiwa wamefungashwa. Taasisi moja ya nje, inayojitambulisha kuwa ya uhisani wa kiuwekezaji, imependekeza kutupatia fedha kwa miaka mitatu, nusu ruzuku na nusu mkopo, lakini inataka kiti kwenye bodi na taarifa kila robo mwaka. Tumezoea wafadhili wanaotuachia mashine, wakapiga picha na kuondoka. Je, huyu anatusaidia au anatununua?

Mhasibu wa Nyamagana:
Dada, kiti hicho kisikutishe, kwani ndiyo desturi yao. Wafadhili wa aina hii huchagua taasisi chache, hukaa nazo kwa miaka kadhaa, na pamoja na fedha huleta watu wa kusaidia hesabu, uongozi na masoko. Draper Richards Kaplan ya Marekani, kwa mfano, hutoa fedha isiyofungwa kwenye mradi mmoja kwa miaka mitatu na hukaa kwenye bodi katika kipindi hicho. Hapa kwetu, Acumen, taasisi ya uhisani ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2001, ilikikopesha kiwanda cha A to Z cha Arusha ili kitengeneze vyandarua vyenye dawa ya kudumu kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani; kiwanda hicho kilikuwa cha biashara kabisa, na mkopo ulirejeshwa. Mimi ningeuliza kama fedha hiyo inaruhusiwa kulipa mshahara wa mtunza hesabu. Vikundi vingi vya huku ziwani vina mashine nzuri na havina daftari la mauzo.

Mzee wa Kayenze:
Binti yangu, bodi waachie, soma ratiba ya marejesho. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza; mbalamwezi ikitoka, mitumbwi hupumzika. Masika nayo ikikunyeshea, mzigo ulioko kwenye chanja unaharibika na unaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Marejesho yanayolingana kila mwezi yatawamaliza. Ombeni yafuate mauzo, na deni liandikwe kwa shilingi.

Wakili mdogo:
Kununuliwa kunahitaji hisa, na kikundi kilichosajiliwa halmashauri hakina hisa za kuuza. Hatari ingekuja iwapo mtashauriwa kufungua kampuni BRELA, yaani kwa wakala wa serikali anayesajili kampuni, na sehemu ya mkopo kugeuzwa hisa. Kipengele hicho, kama kimo, huwa mwishoni kabisa mwa mkataba.

Mwanachanja (Igombe):
Asanteni sana, shikamoo mzee. Nimeufungua mkataba: deni ni la dola, marejesho ni ya kila mwezi, na mshahara haujatajwa popote. Suala la hisa halimo. Kikao chetu ni Jumamosi. Tutawaandikia kuhusu hayo matatu kabla ya kuzungumzia bodi.

Mhasibu wa Nyamagana:
Ongezeni na la nne: baada ya mwaka wa tatu wanaondokaje, na nani atabaki kulipia ukaguzi wa hesabu?